Rasiberi za Kununulia Kompyuta

Juni 14
Dunja haji mwaka huu. Nemanja alipiga simu nikiwa naosha makreti, akaanza kuzungukazunguka, mara hali ya hewa, mara kazi ya huko Graz, Austria, mpaka nikamwambia, "Mwanangu, sema ulichonacho." Ndipo akasema, "Mama, mtoto hataki. Anasema kijijini hana la kufanya. Ana miaka kumi na moja, siwezi kumfunga kamba nikamleta."

Nikaomba nipewe mtoto mwenyewe. Mjukuu wangu akasema hajambo, akasema ndiyo, akasema sawa, na hiyo sawa ilikuwa ya Kijerumani. Nikamuuliza Nemanja kama mtoto amekuwa bubu.

"Bubu? Ungemsikia akicheza mchezo wake kwenye kompyuta! Humo anaongea mpaka tunamwomba apumue. Kwenye simu ndiyo hataki."

Basi kama anaongea humo, nitaingia humo. Naandika ili kesho nisijidanganye kwamba ilikuwa hasira tu.

Milisav, mume wangu, alicheka mpaka supu ikampalia. "Wewe, Rosanda? Simu yenyewe unaishika kama yai bovu!" Nikamwacha akohoe.

Juni 15
Rasiberi za kwanza zimeiva, nyekundu, upande wa jua. Kreti mbili.

Juni 18
Nilimwandikia Dunja nikamuuliza kompyuta gani inaweza kucheza mchezo wake. Nilitegemea neno moja. Akanitumia sauti ya dakika nne, nikaisikiliza nimekaa juu ya kreti huku wachumaji wakinipita.

Mchezo wenyewe ni wa visiwa. Unajenga nyumba, unafuga mbuzi, na jua likizama madude ya baharini yanakuja kubomoa ulichojenga. Yeye na rafiki yake Lena wana kisiwa chao, na kisiwa kina nafasi tatu tu. Lena anataka nafasi ya tatu apewe binamu yake. Dunja amemwambia asubiri mpaka mwisho wa Agosti, kwa sababu huenda bibi yake akaja. Alisema hivyo kwa Kiserbia kinachochechemea, maneno mengine anayaokota huku na mengine anayaacha njiani.

"Lakini Bibi, usinunue takataka! Sehemu ya pili inatoka mwakani na itaua kompyuta za watu wengi. Nunua ya... ya mbele." Alikosa neno. Alitaka kusema ya kudumu.

Nikimpoteza sasa, nimempoteza. Mtoto akifika miaka kumi na tano bila lugha yako, anakusalimia kama anavyomsalimia mtoza tiketi.

Juni 19
Nimemwambia Milisav kwamba mistari ya rasiberi ya juu, ile niliyorithi kwa baba, mwaka huu ni ya kompyuta. Yeye aitumie ya chini kwa paa la zizi. Amenuna. Na anune.

Juni 23
Nachuma na hedfoni masikioni. Wachumaji wanadhani nasikiliza muziki, kumbe namsikiliza kijana mmoja wa mtandaoni akieleza tofauti ya prosesa na prosesa. Wiki nzima sikuelewa kitu. Leo, nikiwa nafunga shina kwenye waya, nikaelewa.

Shamba la rasiberi huanzi na miche, unaanza na nguzo. Nguzo zikiwa mbovu, hata uwe na miche ya mfalme, theluji ya kwanza inalaza kila kitu. Kwenye kompyuta nguzo ni mbili: pawa saplai, yaani sanduku linaloleta umeme, na ubao mama, ule unaobeba vyote. Prosesa, ule ubongo wake, na kadi ya picha ni miche. Hizo unaweza kuzing'oa baada ya miaka michache ukapanda nyingine, mradi nguzo zitazibeba. Wajinga wanafanya kinyume. Wanamaliza pesa kwenye kadi kubwa na taa za rangi, halafu wanaichomeka kwenye sanduku la umeme la kuokoteza.

Basi mpango wangu ni huu. Ubao wa aina mpya, utakaopokea hata prosesa ambazo hazijatengenezwa. Pawa saplai kubwa kuliko ninayohitaji leo. Prosesa ya kati. Ramu, ile kumbukumbu ya muda, vipande viwili, nafasi mbili zibaki wazi. Kadi ya picha mpya, yenye kumbukumbu ya kutosha. Kasha lolote, hata likiwa baya kama jeneza.

Nikamweleza Milisav wakati wa kahawa. Akasema, "Mwanamke ana miaka sitini na mbili, anapanga prosesa ambazo hazijazaliwa."

Nikamwambia hata yeye alipanda mijozi mwaka jana, miti ya kuzaa baada ya miaka kumi.

Juni 30
Mgongo. Sina zaidi.

Julai 2
Ghala la baridi linalonunua rasiberi zetu bado halijatangaza bei. Ndivyo ilivyo kila mwaka: tunapeleka, wanapima, wanaandika, na bei tutaambiwa wakijisikia. Sijui nanunua kompyuta au nanunua kibodi peke yake.

Julai 8
Niandike yote.

Saa saba mchana wingu lilipanda kutoka magharibi, jeusi, na ukingo wake kijani. Kila mtu hapa anaujua ukingo ule. Wachumaji wakakimbilia ghalani kwetu. Roketi za kupasua mawingu ya mvua ya mawe zikaanza kulia upande wa pili wa mlima, moja, mbili, nyingi, na wingu halikujali. Mimi nikabaki mlangoni na kreti mkononi, nikiangalia mistari yangu ya juu kama mtu anayemwangalia mwanawe akivuka barabara.

Hapo Milisav akatoka jikoni mbio amebeba meza. Meza yetu ya kulia chakula! Akaipindua uani miguu juu, akarudi ndani, akatoka na shoka, akalisimika ardhini makali yakitazama mbingu. Mama yake alikuwa akifanya hivyo ili kulitisha wingu. Milisav miaka yote amewacheka watu wanaofanya hivyo. Na hakuliweka shoka upande wa mistari yake ya chini, aliliweka njiani kwenda kwenye yangu.

"Ingia ndani, Rosa!" akanipigia kelele. "Unasimama hapo kama kinyago!"

"Na wewe?"

"Mimi naona kama linaogopa!"

Halikuogopa. Mvua ya mawe ilipiga muda wa kuchemsha kahawa tu, lakini ilitosha. Mawe makubwa kama kokwa za mijozi. Yalipokwisha nikapanda juu. Nusu ya rasiberi ilikuwa matopeni na majani yametoboka. Nilikaa chini kwenye matope nikalia kwa sauti, sikuona haya.

Milisav akaja na makreti. Akaanza kuokota zilizopondeka, kwa sababu hizo ghala linazichukua kwa bei ya juisi, lakini ukizikawiza zinachacha na hazifai hata juisi. Ana magoti mabovu. Aliokota mpaka jua likashuka. Sikujua nimweke wapi moyoni, maana asubuhi alikuwa ameniita kichaa.

Wakati wa chakula akasema, "Sasa utanunua ya bei rahisi."

"Sinunui ya bei rahisi."

"Pesa imelala matopeni kule juu, wee mwanamke, umeiona mwenyewe!"

"Nimeiona. Nguzo zinabaki. Pawa saplai inabaki, ubao unabaki. Kadi ya picha nitachukua iliyotumika."

"Mtumba?"

"Trekta lako ulilinunua jipya?"

Akarudi kwenye supu yake.

Julai 9
Dunja ametuma sauti. "Bibi, baba amesema mawe yalianguka. Pole. Bado unakuja?" Nimejibu: nakuja.

Julai 13
Tunachuma zilizosalia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama mpaka nimesahau kusimama.

Julai 20
Bei imetoka. Si nzuri, si ya kulilia. Nimeagiza nguzo leo hii, pamoja na prosesa, ramu, diski, feni na skrini ambayo duka la mjini lilishindwa kuiuza.

Julai 26
Tumekwenda mjini Čačak kununua kadi. Milisav aliendesha kwa sababu, alisema, hataki kuniona nikitapeliwa peke yangu, halafu akabaki ndani ya gari amekunja mikono.

Muuzaji anaitwa Vidak, mwanamume mnene mwenye karakana ya kutengeneza kompyuta. Zamani alikuwa akichimba zile sarafu za kidijitali za kwenye kompyuta. Kadi zake zilifanya kazi usiku na mchana ndani ya banda la kuku la marehemu baba yake. Alinieleza mwenyewe bila kuficha, na hilo likanipendeza kidogo.

"Mama, hii haina tatizo. Nimeibadilishia feni na kuipaka dawa mpya ya kupitisha joto."

"Ichomeke."

"Inafanya kazi, nakuapia."

"Bwana mdogo, ng'ombe hanunuliwi bila kukamuliwa. Ichomeke nione."

Akaichomeka. Nikakaa mbele yake saa nzima nikitazama joto linapanda mpaka wapi. Akaleta kahawa, akaleta kiglasi cha rakija, pombe yetu kali ya matunda, akaleta mkewe aje anione. Mwisho akapunguza bei bila kuombwa, nadhani ili niondoke.

Garini Milisav akauliza, "Umeibiwa?"

"Mwulize yeye."

Julai 29
Nimeiunga juu ya meza ya jikoni, ile ile iliyopinduliwa kwa ajili ya wingu. Milisav hakutaka kuona. Alikwenda kulisha nguruwe ambao walikuwa wameshakula.

Ramu ilihitaji kusukumwa kwa nguvu kuliko nilivyothubutu. Nilipobonyeza kitufe hakikutokea kitu. Nikaangalia nyaya zote, nikaketi, nikanywa maji. Nilikuwa sijawasha swichi ya nyuma ya pawa saplai. Nikaiwasha, feni zikaanza kuzunguka, na skrini ikaniletea maandishi. Nilipiga kelele mpaka mbwa akabweka.

Kasha nimeliweka sakafuni, pembeni ya benchi la dirishani, mgongo wake ukutani. Feni za kutoa joto ziko juu, ndiyo sababu nililichagua.

Agosti 1
Nimeingia! Niko kisiwani!

Sijui niandike nini kwanza. Dunja alicheka dakika nzima nilipotokea, kwa sababu nilitokea uchi na nikatembea moja kwa moja hadi baharini. "Bibi, rudi! Bibi, hiyo ni bahari! Kulia! Hapana, kulia kwako!" Nilikufa mara sita. Lena alinisemesha kwa Kijerumani na Dunja akanitafsiria, kwa hiyo mtoto alilazimika kuongea Kiserbia jioni nzima. Alikuwa akikwama, ananiuliza neno, nampa, analirudia, tunaendelea.

Niliondoka hapo mashavu yakiniuma kwa kucheka. Nimefurahi kuliko siku nyingi ninazokumbuka.

Milisav alipita mara mbili kuchukua chumvi. Akasema chombo kinapuliza, kinaleta promaja, yaani upepo wa kupenya ndani ya nyumba, na promaja imeua watu wenye afya kuliko mimi. Nikamwambia kiti chake kiko kule karibu na jiko, upepo huu haumfikii. Akasema upepo wa namna hii unafika popote.

Agosti 4
Tunakata mashina makavu. Jioni kisiwani. Mbuzi wamefika wanane na ua mzuri wa waya umeanza kuwazunguka, sijui Dunja anawalisha saa ngapi.

Agosti 6
Imezimika katikati ya mchezo. Tu! Giza.

Agosti 7
Imezimika tena.

Agosti 8
Mara tatu. Ya mwisho madude yalikuwa yameshaingia zizini, nikamsikia Dunja akisema "Bibi, usiondo—" kisha kimya. Alipoandika baadaye aliniambia Lena amekasirika, anasema kisiwa hakiwezi kumtegemea mtu anayetoweka, na kwamba binamu yake ana kompyuta nzuri. Dunja hakuniambia nifanye nini. Aliandika "samahani Bibi," kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Ni kadi. Ni kadi ya banda la kuku. Nimefura kama unga wa hamira. Jumatatu namwendea Vidak na atanijua mimi ni nani.

Agosti 11
Niandike kama ilivyokuwa, ingawa sijisikii vizuri.

Niliichomoa kadi, nikaifunga kwenye blanketi, nikapanda basi. Karakanani kwa Vidak kulikuwa na wateja wawili. Sikungoja wamalize. Nilimtolea uvivu palepale: tapeli, mwuza mizoga, mtu asiye na haya ya kumwibia bibi wa watu. Mkewe alitoka nyuma akasimama amefunika mdomo. Vidak akawa mwekundu mpaka masikioni. Alichukua kadi, akaichomeka kwake, tukakaa. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kadi ilikuwa inanguruma vizuri kama siku ya kwanza.

"Mama," akasema taratibu, "huyu ng'ombe anatoa maziwa. Tukaangalie zizi."

Akafunga karakana, akanileta nyumbani kwa gari lake. Milisav alikuwa shambani.

Vidak akairudisha kadi, akawasha, akaweka kiganja juu ya kasha. "Hapa hapatoki hata pumzi," akasema, "joto linajaa ndani mpaka inajizima." Kwa juu kuna chandarua cheusi cha kuzuia vumbi, kinashikwa na sumaku. Akakibandua. Chini yake, zimelala kwa unadhifu kabisa, moja kushoto na moja kulia, kulikuwa na soli mbili za sufu nyeusi. Soli za ndani za buti za baridi. Namba arobaini na nne, ya Milisav.

Vidak alijizuia kadiri alivyoweza, kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilimwomba radhi. Nilimwomba mara mbili, na nikampa jibini, mayai, na chupa ya rakija ya marehemu baba yangu ambayo Milisav hajui iko wapi. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu alinijia haraka.

Nilikaa na zile soli mapajani nikimngoja mume wangu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Amekuwa akinidhihaki tangu Juni, na sasa ameiziba pumzi kwa makusudi ili ife! Aliingia, akaziona, akavua kofia.

"Milisav. Hizi ni nini?"

"Ilikuwa inapuliza."

"Inampuliza nani? Kiti chako kiko kule!"

Akaangalia benchi la dirishani, akaangalia kofia.

"Mimi ndiyo inanipuliza," akasema. "Kwenye figo. Nikikaa hapa asubuhi."

"Unakaa hapa asubuhi kufanya nini?"

Ikabidi nimvute neno baada ya neno. Asubuhi moja nilikwenda shambani nikaiacha mashine inawaka. Aliingia kunywa maji, akasikia sauti: "Bibi? Bibi, upo?" Hakujua kuizima. Akajibu. Mtoto akasema, "Babu! Shika kipanya." Tangu hapo kila asubuhi, mimi nikishapanda juu, yeye anakaa hapo na Dunja kabla Lena hajaamka. Wale mbuzi wanane ni yeye. Ua wa waya niliokuwa nausifu, uliofungwa kama tunavyofunga rasiberi, ni yeye. Alimwomba mtoto asiniambie.

"Kwa nini usiniambie, wee mtu?"

"Nilikwisha kucheka," akasema. "Mtu akishacheka vile, anarudije?"

Miaka arobaini nilidhani namjua. Nilimpa soli zake, nikamwambia azirudishe kwenye buti, na nikaenda kumtafutia mto wa kuweka mgongoni.

Agosti 12
Haikuzimika.

Agosti 17
Haijazimika hata mara moja. Tunapokezana, asubuhi yeye, jioni mimi. Anamfundisha mtoto matusi ya kuwafukuzia nguruwe. Nemanja amepiga simu kulalamika, huku anacheka.

Agosti 24
Lena amesema binamu yake atafute kisiwa kingine. Inasemekana ni kwa sababu ya ua wa Milisav. Madude yamejaribu siku nne na hayajaupita.

Agosti 30
Jioni Dunja alikuwa akichimba kisima. Kisha akasema bila kuacha kuchimba: "Bibi, likizo ya vuli, mwezi wa kumi. Naweza kuja? Baba atanileta. Nataka kuona ua wa kweli."

Nikasema anaweza. Sauti yangu haikuwa sawa, akaniuliza kama kipaza sauti kina shida.

Agosti 31
Asubuhi nilimkuta Milisav amevaa shati jeupe, lile la misiba na la sikukuu ya mtakatifu wetu, na siku yenyewe si ya msiba wala ya sikukuu.

"Nipe namba ya yule mnene wa Čačak," akasema.

"Ya nini?"

"Mtoto anakuja mwezi wa kumi. Tutakuwa watatu na mashine moja. Atacheza na nini, na wewe jioni huachi kiti?"

"Na paa la zizi?"

"Paa limengoja miaka sita."

Nikamwambia basi achukue kama yangu, kila kitu kile kile, tusijisumbue.

"Kama yako siyo," akasema. "Pawa saplai iwe kubwa zaidi. Na ubao uwe mpya kuliko wako." Alikuwa ameshapiga hesabu, niliona kwa namna alivyoshika vidole. "Miaka kumi, Rosa. Atakuwa na ishirini na moja. Hapo hatacheza tena visiwa, lakini siku moja atawasha tu, kuangalia kama tupo. Mimi nitakuwa na sabini na sita. Figo zangu sizisemei, lakini mashine isiwe ndiyo sababu ya kutonikuta."

Nilimfunga kifungo cha shingoni, nikampa funguo za gari, na nikamwambia ahakikishe anaona kadi ikikamuliwa.